Rubani Aliyekula Tonge la Mama

Kaka yangu Seif tulimzika hapa Ibra, Oman, mwezi uliopita. Siku ya pili ya matanga, wanawake wamejaa sebuleni na sinia za harisi zinapita, mjukuu wake mmoja, msichana anayesoma chuo, alinisogelea akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kubahatisha, "Bibi, hii babu alipigana na nani?" Watoto wetu wa sasa ndivyo wanavyosema, ngeli zote wamezimwaga njiani, lakini swali lake lilifika. Nilimwambia ale harisi yake kabla haijapoa. Najua si jibu. Lakini palikuwa na watu, na baadhi ya mambo ya Seif hayasemwi baina ya kijiko na kijiko. Tangu siku ile jibu limenikaa kooni, na kila nikitaka kulitoa naona siwezi kuanzia kwa Seif. Lazima nianzie Firq, nje ya Nizwa, kwenye meza ya Waingereza, kwa sababu mwaka ule kaka yangu alikuwa na waasi milimani, kusini, na mimi nilikuwa nikiwaandalia chakula marubani waliokuwa wakienda kumpiga mabomu. Ndiyo hivyo. Sina namna nyengine ya kulisema.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita vya Dhofar, huko kusini. Jeshi la anga la Sultani lilikuwa bado changa, vijana wetu wenyewe wakijifunza, na waliokuwa wakizirusha ndege za vita walikuwa wageni, wengi wao Waingereza, baadhi wameazimwa na jeshi lao na baadhi wamekuja wenyewe kwa mkataba. Walikuwa wakipigana kusini, kisha kwa zamu wanaletwa kwetu kupumzika na kulenga shabaha jangwani. Walikodishiwa nyumba kubwa ya udongo pembeni mwa mitende, karibu na kiwanja cha ndege cha changarawe, na mimi nikaajiriwa humo kupokea simu, kuandaa meza na kuwafasiria, maana Kiingereza nilikuja nacho kutoka skuli Unguja. Kiarabu changu ndicho kilichokuwa cha aibu. Sokoni Nizwa wachuuzi wakinisikia tu wanatazamana, wananiita Mzinjibari, na msichana kufanya kazi katika nyumba ya wanaume wageni, basi hilo liliwatosha kuzungumza mpaka alasiri. Wallahi sikujali. Tuliondoka Unguja baada ya mapinduzi na nguo tulizovaa, tukafika nchi ya mababu tukaambiwa tunanuka nazi. Sasa niogope wauza vitunguu?

Jikoni alikuwa Bi Kazija, mjane, mtu wa Malindi ya Unguja, mnene, mwepesi wa ulimi, na mpishi asiye na mfano. Baina ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, na Bi Kazija alikuwa analinda heshima yangu kutoka hapo. Kila niingiapo na birika mkononi, uso wake uko dirishani. Chumba chenyewe nakikumbuka mpaka harufu yake, mafuta ya taa na mayai ya kukaanga. Meza ndefu imetandikwa kitambaa cha plastiki cha buluu. Marubani walikuwa vijana, wamebabuka pua kwa jua, wananishukuru kwa kila kikombe, na asiyewajua angesema wamekuja kuvua samaki. Wakishakula ndipo meza inapogeuka. Mkate uliobaki unakuwa mlima. Kijiko ni bonde, bakuli za sukari ni mapango, na kichupa cha pilipili manga ndicho bunduki ya waasi ya kupigia ndege. Mmoja anakipitisha kiganja chake juu ya kijiko, anakiinamisha, mwenzake anatikisa kichwa na kumwonesha njia nyengine. Kisha wanaondoka, na mimi ndiye ninayebaki kuipangusa vita ile, nikikusanya mlima wa makombo kwa kitambaa, na mahali fulani baina ya mkate na kijiko yupo Seif. Nilikuwa nikipangusa polepole.

Habari za Seif zilikuwa nusu nusu. Alipelekwa kusoma nchi ya Kiarabu, akaacha kuandika, halafu tukasikia amevuka mpaka na wale wa kusini. Waliojua wakati huo ni watatu tu, Mama, mimi na Bi Kazija. Angejua mtu wa nne ningefukuzwa, na pengine Mama angechukuliwa kwenda kuulizwa maswali. Nilitaka kuacha kazi. Mama ndiye aliyekataa. "Kaa hapo hapo," aliniambia. "Angalau wewe utasikia kama wamempiga au hawajampiga." Basi kila nikipata ruhusa napanda gari la mizigo mpaka Ibra, mifupa inagongana njia nzima, na Mama yuko mlangoni, hata salamu hajaitikia, anauliza, "Wamesema nini?" Namwambia wamesema hivi na hivi, bonde fulani wamelipiga, bonde fulani wameliacha. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu ndipo ananiitikia shikamoo yangu na kunipa maji ya kunawa.

Sasa nikwambie kosa letu, maana ni kosa la Wazinjibari watupu. Tulipofika Oman tulikuta Kiswahili ni kufuli. Dukani, hospitali, mbele ya jirani, mbele ya askari, ukiwa na la siri unalisema kwa Kiswahili nalo limefungika. Mwarabu wa Nizwa hafahamu, Mbaluchi hafahamu, Mhindi hafahamu. Tukazoea vibaya. Tulikuwa tukimsema mtu naye amesimama mbele yetu anatabasamu. Na Mzungu, huyo ndiye kabisa, nani angemdhania? Bi Kazija aliwapa wote majina. Mmoja mrefu mwenye nywele za moto alimwita Bwana Kamba, kwa wekundu wa kamba aliyechemshwa, na jina likamkaa. Mwengine, Kolini, alimwita Bwana Chai, kwa sababu wenzake wakimaliza kula yeye hubaki peke yake mezani na kikombe cha chai ya iliki, kimya, anatazama ukuta. Tulimhurumia. Tulidhani ana mke aliyemkimbia, na hilo pia tulilisema kwa sauti.

Siku moja nilirudi kutoka Ibra na habari nzito. Binamu yake Mama kutoka Sur alikuwa na mtoto aliyekuwa huko huko na waasi. Yule kijana alijeruhiwa akajisalimisha, na alipopata nafasi ya kuonana na mama yake alimwambia: Seif mzima, yuko katika bonde lenye mapango upande mmoja na mtini mkubwa mdomoni, juu ya pwani, na bunduki yao kubwa iko hapo. Nilimweleza Bi Kazija tukiosha vyombo. Nilisema kwa sauti, kwa kuwa jenereta lilikuwa linanguruma nje, na nilisema yote, jina, mapango, mtini, na kwamba hawa hawa tunaowakaangia mayai ndio watakaomuua. Halafu nikalia, mikono imo kwenye povu. Tulipoinua uso, kikombe kilikuwa dirishani na Kolini amekishika.

"Chai mzuri sana," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na pole kwa ndugu yako. Mimi nasikia yote. Siku mingi mimi nasikia."

Akaweka kikombe akaondoka. Bi Kazija aliketi juu ya gunia la mchele. "Tumekwisha," alisema, na mimi niliona ndivyo, tumekwisha, na Seif amekwisha kabla yetu. Nilianza kuyakumbuka yote tuliyoyasema miezi ile mbele ya kile kikombe. Baadaye nilikuja kujua kuwa alizaliwa Kenya, bara, katika shamba la baba yake, akalelewa na yaya wa Kikamba mpaka akapelekwa skuli Uingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya Wazungu, cha leta na toa na hapana, kisichojua adabu kwa sababu hakikufundishwa adabu. Alipotusikia sisi mara ya kwanza, alisema, alifurahi, halafu akaona haya kufungua kinywa chake. Ndiyo maana alikuwa akikaa peke yake na chai. Hakuwa na mke aliyemkimbia.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku zile nilijua hofu tu. Kulikuwa na afisa wa usalama, Mwingereza naye, wa miwani myeusi, aliyekuwa akipita mara kwa mara na kuuliza watu. Alikuja, kama kwamba ameitwa. Akaketi na Kolini, nami nikaagizwa kahawa. Nilimimina polepole, nipate kukaa karibu nao. Yule afisa aliuliza kwa Kiingereza, wala hakupunguza sauti, kama wale wanawake wa jikoni wana jamaa upande wa pili, kwa sababu hawa wa Zanzibar, alisema, wana watoto kila pembe ya dunia. Kolini alikoroga chai yake. Alijibu kwamba lugha yetu anaifahamu kidogo, na kwamba kutwa tunazungumza bei ya papa mkavu na wanaume waliotukataa. Yule afisa alicheka, akasema vizuri sana, basi aendelee kutusikiliza na kumletea habari. Nikarudi jikoni nikamweleza Bi Kazija. Aliudhika na hilo la wanaume kuliko yote.

Sikujua sasa ametuokoa au ametupatia jasusi. Kesho yake alinikuta nje kwenye tangi la maji. Hakunisogelea, alisimama mbali kwa adabu, akatazama milima. Alisema kwa kile Kiswahili chake, "Mimi hapana taka piga ndugu yako. Wewe sema yeye wapi sawasawa. Mimi taacha." Mapango ni mengi kule, alisema, na mitini ni mingi, yale tuliyoyasema jikoni hayakumtosha kulijua bonde. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sina ndugu. Nilijaza ndoo nikaondoka, na maji yakamwagika njia nzima. Kwa sababu fikiri mwenyewe. Akiwa mkweli, neno langu moja litamwokoa Seif. Akiwa mwongo, kwa neno hilo hilo nimemchora kaka yangu kwenye ramani kwa ulimi wangu. Na nikinyamaza, Bwana Kamba na wenzake watalifikia bonde lile siku yoyote, maana nilikuwa nikiwaona kila asubuhi wanavyousogeza ule mkate. Sikuona pa kushika. Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu.

Mama hakupiga kelele wala hakunilaumu. Alinisikiliza, akakunja upande wa kanga yake kidoleni, akaukunjua, akasema, "Mlete nimwone." Nikamwambia Mama, huyo ni rubani wa vita, si fundi wa mlango. Akasema rubani ana mama. Basi tulipanga nyumbani kwa Bi Kazija, pale pale Firq, baada ya sala ya Ijumaa, saa ambayo wanaume wamelala na vichochoro vimetulia. Mama alikuja na sufuria yake tangu Ibra. Nazi alizipata wapi mpaka leo sijui, kwa maana zilikuwa adimu kuliko dhahabu. Alipika wali wa nazi, na mchuzi wa papa mkavu wa Sur uliotiwa ukwaju, na Bi Kazija akafunga madirisha ili harufu isituitie watu. Kolini aliingia kwa mlango wa uani, amevaa dishdasha ya kuazima, kanzu ya wanaume wa huku, iliyomfika nusu ya miguu. Nani angedanganyika? Jirani angechungulia mara moja tu, sote tungekuwa mikononi mwa yule wa miwani. Nilisimama nyuma ya mlango muda wote, nasikiliza nyayo.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kolini alisema, "Jambo, mama." Mama akamwambia, mwanangu, mtu mzima haambiwi jambo, anaambiwa shikamoo. Akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba na kumwonesha mkeka. Sinia likaletwa, na hapo Mama alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama yangu, mtu wa kujifunika mbele ya shemeji zake, aliketi upande wa pili wa sinia lile lile, na mwanamume wa kando, tena Mkristo. Akatia mkono walini, akafinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akamnyooshea. Tonge la mkono wa mama wanapewa watoto wa nyumbani. Hata mimi nilikuwa nimeshapita umri wa kulipewa. Kolini alilitazama, akalipokea kwa mikono miwili, akala. Kwetu hilo si chakula tu, na nilimwona usoni kwamba anajua. Pengine yule yaya wa Kikamba naye alikuwa akimpa.

"Sasa niambie," Mama alisema. "Utamfanya nini mwanangu?"

"Mimi hapana piga yeye."

"Haisemwi hivyo. Sema: sitampiga."

"Sitampiga," alisema Kolini.

Mama akamtaka arudie, akarudia, taratibu, kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Ndipo Mama alipomwambia, "Umekula tonge la mkono wangu. Yule ni ndugu yako." Na akamtajia bonde. Alimpa jina lake la kienyeji, lile alilolipata kwa binamu yake wa Sur, na mimi nyuma ya mlango nilitaka kumzuia, lakini neno likishatoka halirudishwi. Kolini alifumba macho. Alisema analijua, amelipita kwa juu, upande wa mapango hivi na ng'ambo yake mteremko mtupu, mawe matupu. Alikula mpaka akamaliza, Mama akimsogezea vipande vya papa, na alipoondoka Mama aliniambia nioshe sinia lile mwenyewe, nisimwachie Bi Kazija.

Baada ya hapo nilikuwa nikiitazama meza kwa macho mengine. Zamu ya Kolini ya kupumzika ikifika anarudi, amekonda, nasi hatuzungumzi kitu mbele za watu. Lakini siku moja Bwana Kamba alikuwa akiupanga mkate na vijiko kama kawaida yao, akataja bonde lile, na Kolini akanyoosha mkono akakivuta kile kijiko upande wake. Hilo langu, alisema kwa Kiingereza. Nimelizoea, niachieni. Wenzake hawakuona ajabu. Mimi niliona, na nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu vijiko vyengine vilibaki pale mezani, na kila kijiko kilikuwa na mama zake. Kolini alikuwa akienda huko pia. Hakuwa malaika, alikuwa rubani wa vita na kazi yake aliifanya. Sikuwahi kumuuliza. Leo nikiwa na umri huu, na wajukuu wa watu wa kusini wameolewa humu humu katika familia yetu, bado naliona jambo hilo zito, na bado nikirudishwa siku ile ningeukubali ule wali na lile tonge. Nimpendaye alikuwa mmoja, nikamwombea mmoja.

Halafu zamu yake ikafika na yeye hakurudi. Bwana Kamba aliingia chumba cha kulia peke yake, hajanyoa, akaketi. Nilimwekea mayai hakuyagusa. Nilimuuliza Kolini yuko wapi, nami sikuwa na kawaida ya kuwauliza, akaniambia ameangushwa. Walimwona akiruka kutoka kwenye ndege, mwavuli ulifunguka, lakini alishuka mikononi mwa wale watu na helikopta hazikuweza kufika. Kisha akakasirika, akawa anasema na meza. Tulimwambia, alisema. Kila mmoja wetu alimwambia. Hakuna rubani anayerudi kwa njia ile ile mara mbili, mtoto wa skuli anajua, na yeye kila siku njia moja, mstari mmoja, na mabomu yote anayamwaga kwenye mawe. Sijui alikuwa na nini, alisema. Nilisimama na birika mkononi mpaka likanichoma. Bi Kazija alilifunga dirisha lake, mara ya kwanza tangu nianze kazi pale.

Ibra, Mama alikuwa mlangoni. "Wamesema nini?" Nikamwambia Kolini ameangushwa, tena pale pale. Aliketi kizingitini. Aliuliza, "Na Seif?" nikasema sijui. Tukaingia ndani. Mama hakuweza kumlilia Kolini. Majirani wangemuuliza nani aliyekufa, naye angejibu nini? Alisema kichwa kinamuuma, akajifunga leso, akalala akiutazama ukuta, na kwa siku kadhaa kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa ni homa.

Kabla mwaka haujamalizika Seif alirudi. Msamaha wa Sultani ulikuwa umetangazwa kwa kila anayeshuka, wakawa wanashuka mmoja mmoja, na siku moja gari lilisimama mbele ya nyumba akateremka mtu mweusi kwa jua, mwembamba, ndevu mpaka kifuani, na Mama akamjua kwa mwendo. Sitaieleza furaha ile, kila mwenye mtoto anaijua. Wajomba wakaja, milango ikafungwa, mchana tukala pamoja, na walipoona ameshiba wakamtaka aeleze mambo ya vita. Akawaeleza habari za rubani mmoja waliyemwita Kipofu. Kila siku, alisema, anakuja na ndege yake, mabomu yote anayaangusha ng'ambo, kwenye mawe, hata mbuzi mmoja hakuwahi kutuulia. Wenzake kila mara wanakuja kwa njia mpya, ukiwangoja huku wanatokea kule. Huyu njia moja, kwa sababu kwa njia ile ndiyo mabomu yanaangukia ng'ambo. Angeingia kwa njia nyengine yangetuangukia sisi. Tukacheka naye miezi. Mwisho mkubwa wetu akasema, mtu mwenye kupita njia moja anasubiriwa njiani. Tukaihamisha bunduki, tukaielekeza pale, tukangoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika mkanda wa risasi, alisema. Wajomba walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Mama aliuliza, "Na rubani mwenyewe?" Seif akasema alikufa, akaomba aongezewe mchuzi. Mama akamwongezea.

Nilidhani Mama ataliacha. Mimi ningeliacha, mtoto amerudi mzima, nini tena? Lakini wajomba walipoondoka, tumebaki watatu na sinia tupu baina yetu, Mama alimwambia. Alimwambia bila ya kupandisha sauti. "Yule kipofu wako alikula tonge la mkono wangu. Mimi ndiye niliyemtajia bonde, na mimi ndiye niliyemwapisha asikupige. Hakuwa kipofu, Seif. Alikuwa akiona kuliko nyinyi nyote."

Seif aliinuka akaenda kunawa mikono, na alikuwa ameshanawa. Aliporudi hakuketi na sisi, aliketi mlangoni, ametupa mgongo. Nilidhani atatukasirikia kwa kumwuza, au atasema hakuomba kuokolewa na adui. Aliposema, alisema na uwanja.

"Hakufa mara ile, Mama. Alishuka karibu na mtini, miguu imevunjika. Alikaa mpaka jua linazama. Mkubwa wetu alikataza asiguswe, na hakuna aliyemwendea. Alikuwa anaita. Wenzangu wote watu wa milimani, wakidhani anasema Kiingereza, wakidhani anaomba Mungu wake." Akajifuta tena mikono kwenye nguo yake. "Alikuwa akiomba maji. Kwa Kiswahili, Mama. Kiswahili kibaya. Na pale bondeni mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikifahamu."